Sahihi Kwenye Kona ya Kushoto

Barua iliyomtaka Benta Adoyo aolewe au ahame kibandani ilikuwa imechapwa vizuri, na muhuri wake ulikuwa umekaa sawa. Aliileta Kageha mwenyewe, katibu wa chama, ambaye duka lake la kuchapisha mabango ya plastiki linapakana na kibanda cha Benta hapo Munyaka, Eldoret. Kageha alisimama mlangoni akingoja isomwe yote, mikono ameikunja kifuani.

"Mimi nimetype tu, Mama Amondi," alisema. "Maneno ni ya Mzee, mwenyekiti."

Benta alisoma. Chama cha Wachoraji wa Mabango kilimkumbusha kwa heshima kwamba mumewe, marehemu Fundi Mkuu Okumu, alifariki tarehe nne Machi mwaka uliopita. Kwamba chini ya kifungu cha kumi na moja, mjane wa fundi mkuu huruhusiwa kuendesha karakana ya mumewe kwa mwaka mmoja na siku moja. Kwamba siku hiyo moja ilikuwa imepita wiki tatu nyuma. Sasa alikuwa na hiari ya kuolewa na fundi msafiri yeyote wa chama, ambaye kwa ndoa hiyo angepanda kuwa fundi mkuu na kuichukua karakana. Au kama hataki, akirudishe kibanda kwa chama. Orodha ya mafundi wakuu ingepelekwa ofisi ya soko mwisho wa Aprili, na asiyekuwa kwenye orodha hangekuwa na kibanda. Barua ilimalizia kwa kumtakia Pasaka njema.

"Fundi msafiri gani?" Benta aliuliza.

"Amebaki mmoja tu, yule asiye na bibi. Mabonga wa Turbo."

"Na yeye anajua?"

"Nimemtumia yake kwa WhatsApp. Ame-reply na kidole gumba, lakini yeye hujibu kila kitu hivyo."

Ili mtu asidhani watu wa Munyaka wamerukwa na akili, ni lazima aelezwe habari ya kitabu.

Chama kilikuwa kimeishi miaka kumi na tisa bila sheria yoyote, na kilikuwa kimeishi vizuri tu. Kisha Mjerumani mmoja aliyekuwa akifundisha useremala kwenye chuo cha kanisa akamaliza muda wake, akagawa vitu vyake kabla ya kupanda ndege. Waliofika mapema walipata baiskeli, jiko la gesi na viatu vya mvua. Mzee Otiende, mwenyekiti wa chama, alichelewa kwa sababu alikwenda kunyolewa kwanza, akapata kitabu.

Kilikuwa kitabu kinene cha Kiingereza, jalada jekundu, kinachoeleza jinsi wachoraji wa miji ya Ujerumani walivyoishi na kufunzwa miaka mia nne, mia tano iliyopita. Mtoto alipelekwa kwa fundi mkuu akiwa na miaka kumi na mitatu hivi. Akasaga rangi, akachemsha gundi, akafagia, akapigwa. Akimaliza aliitwa fundi msafiri, akafunga mzigo wake na kuzurura mji hadi mji kwa miaka, akifanyia kazi mafundi wa watu. Akirudi alichora kazi ya kupimwa, na mafundi wakuu wakiikubali, na kama ameoa, basi naye alikuwa fundi mkuu, mwenye haki ya kufungua karakana na kumpiga mtoto wa mtu mwingine.

Otiende alikuwa karani wa kiwanda cha mbao kwa miaka ishirini na sita kabla ya kushika brashi, na karani wa aina yake akisoma kitu kilichochapishwa hukiamini. Alisoma kurasa tisini na sita kati ya mia tatu na arobaini, akaona zinatosha kuendesha chama. Akaandika katiba.

Wanachama waliipenda. Mtu aliyekuwa akiitwa tu "yule wa mabango" alirudi nyumbani akiwa na cheo. Habari ya kuzurura ndiyo iliyowasumbua, kwa kuwa wengi walikuwa na watoto shuleni, basi miaka ikapunguzwa ikawa wiki tatu. Ooko, ambaye huchora ng'ombe wa buchari za nyama na hachori kitu kingine, alizurura hadi Kimumu, kwa dada yake, akakaa huko wiki tatu akila. Mabonga peke yake ndiye aliyelichukua jambo hilo kwa moyo wote. Alikuwa mchoraji wa malori pale Turbo, mtu mpole wa miaka hamsini na kitu, na mkewe alikuwa amerudi kwao zamani bila kuonyesha dalili za kubadili nia. Alizurura miezi minane. Alifika Webuye, Kitale, Bungoma, akafika hadi Malaba, na kila mji aliomba muhuri kwenye daftari, hata kama ni wa duka la dawa za mifugo. Alirudi amekonda, akaambiwa kwamba hawezi kuwa fundi mkuu kwa sababu hana mke.

Na kifungu cha kumi na moja, kile cha mjane, ndicho kilichopigiwa makofi marefu kuliko vyote. Wengi wa wanachama walitoka kando ya ziwa, na walikuwa wamechoka kuambiwa na wahubiri kwamba kumrithi mjane ni mambo ya giza. Kumbe Wajerumani, watu wenye viwanda vya magari, nao walikuwa wakimwoza mjane kwa fundi wa karakana, na wakaandika kitabuni. Ooko aliomba ukurasa huo usomwe mara mbili. Okumu mwenyewe alikuwa hai wakati huo, na alipiga makofi pamoja na wenzake, akaja nyumbani akamsimulia Benta huku akicheka.

Okumu ndiye aliyepewa cheti nambari moja. Hakutahiniwa. Nani angemtahini? Mabango yake yalikuwa kila mahali, shule, zahanati, makanisa, na bango la chama chenyewe lilikuwa lake, na kwenye kona ya kushoto ya kila moja lilikuwapo jina lake, herufi ya mwisho ikiwa na kimkia kilichojikunja kidogo.

Sasa, lipo jambo ambalo Benta peke yake ndiye aliyelijua. Miaka kumi na miwili kabla ya kufa, mkono wa kulia wa Okumu ulianza kutetemeka. Ulianzia kwenye kikombe cha chai, ukaja kwenye herufi. Mchoraji wa herufi mwenye mkono unaotetemeka hana kazi, hilo halihitaji kitabu. Asubuhi moja Okumu aliharibu neno HOTELI mara tatu, akaketi chini, na Benta, ambaye kwa miaka tisa alikuwa akimchanganyia rangi, kumwoshea brashi na kumjazia herufi, aliinuka akalimaliza. Tangu siku hiyo Okumu alikaa mbele, kwenye kigoda karibu na mlango, kitambaa gotini na brashi mkononi, akiongea na wateja na kusifia kazi zake. Benta alikuwa nyuma ya pazia akizichora. Akimaliza aliandika Okumu kwenye kona, na kimkia.

"Wasijue, Benta," mumewe alimwambia. Hakulisema zaidi ya mara moja.

"Hawatajua," Benta alijibu, na hawakujua.

Alimpenda yule mtu. Alikuwa na majigambo na alikuwa mvivu wa kwenda sokoni, lakini alimpenda, na tangu amzike hakuwa na mahali pengine alipojisikia mtu kamili ila nyuma ya lile pazia. Wateja walikuwa bado wanakuja, wakidhani anamalizia kazi ambazo marehemu aliacha nusu. Mwaka mzima marehemu alikuwa ameacha kazi nyingi nusu.

Alikwenda kumwona Otiende nyumbani kwake siku iliyofuata. Kitabu kilikuwa mezani, kimevikwa gazeti.

"Mama Amondi, usinikasirikie," Otiende alisema. "Hiyo si mimi. Ni ukurasa wa tisini na nne."

"Na ukurasa wa tisini na saba unasemaje, Mzee?"

Otiende alikohoa. "Bado sijafika."

"Basi niazime nikusomee."

Hakuwahi kumwazima mtu yeyote kitabu kile, lakini mtu aliyemwandikia mjane barua kama ile huwa hana nguvu ya kukataa kitu kidogo. Benta alikaa nacho siku tano, akikisoma kibandani baina ya mteja na mteja, kamusi ya shule ya mwanawe Amondi ikiwa kando. Alipokirudisha alikuwa na vijikaratasi kwenye kurasa kadhaa.

"Nimemaliza," alisema. "Wanawake walikuwako. Wake wa mafundi, na mabinti zao. Walichora. Sijaona mahali kimekataza mwanamke kupimwa."

"Hakijakataza kwa sababu hakuna aliyeomba."

"Mimi naomba. Na kuna mji mmoja, Mzee, mji mkubwa, miaka na miaka wachoraji hawakuwa na chama kabisa. Kila mtu alichora alivyotaka."

Otiende aliufikiria mji huo kwa uso wa mtu aliyeonja chai isiyo na sukari. "Huo tuuache," alisema.

Kamati ilikaa Jumamosi na kukubali apimwe, ndoa yake na marehemu ikihesabiwa kuwa inatosha. Waliona ndiyo njia ya heshima: angechora, angeshindwa, na hakuna ambaye angesema alionewa. Shida ilikuwa achore nini. Kitabu kilisema wengi walichora Bikira Maria na mtoto, na hapo kikao kikachukua saa moja, maana Waanglikana walisema inawezekana, Wasabato wakasema haiwezekani, na Ooko akasema ng'ombe hana dhehebu. Mwishowe Otiende akakata shauri. Angechora sura ya marehemu Okumu, kwa kuwa wapimaji wote walimfahamu na hakuna ambaye angedanganywa.

"Na mikono," Otiende aliongeza. "Uso mtu anaweza kubahatisha. Mikono ni ngumu. Aweke mikono yote miwili."

Angechora peke yake, siku nne, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ndani ya stoo ya Otiende, kwenye ubao mpya uliogongwa muhuri wa chama nyuma. Shahidi angekaa naye ahakikishe hasaidiwi. Katiba ilitaka shahidi awe fundi msafiri, na wengine wote walikuwa wameshapanda vyeo, kwa hiyo akaitwa Mabonga. Kageha aliandika kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba shahidi pia ni mchumba, akauliza kama hiyo ni sawa. Otiende alimwambia aandike tu.

Mabonga alikuja siku ya kwanza amevaa koti, akaketi kwenye gunia la mahindi.

"Mama, ile barua mimi sikuiomba," alisema.

"Najua."

"Lakini sikuikataa pia. Nisikudanganye."

Benta alicheka, mara yake ya kwanza tangu Pasaka. "Wewe unataka nini hasa, Mabonga?"

Mabonga alifikiria. "Ukuta. Lori unalichora leo, kesho liko Kampala, kazi yako imeenda. Nilitaka ukuta wangu ambao nikiamka uko palepale."

Ilikuwa sababu nzuri kuliko nyingi zinazowaoza watu. Benta alimwambia hivyo, kisha akaanza kupaka ubao rangi ya kwanza.

Alikuwa na mpango. Angeficha mkono wake. Angechora vizuri vya kutosha kupita, ila kwa namna nyingine, nyusi nene zaidi, kivuli upande mwingine, mtu yeyote asiseme kwamba amewahi kuiona kazi hii. Hivyo angepata kibanda na Okumu angebaki na jina lake. Siku mbili alijitahidi. Sura iliyotokea ilifanana na binamu wa Okumu ambaye hawakuwa wakielewana naye. Jioni ya siku ya pili alisimama mbele yake, akaichukia.

Asubuhi ya tatu alilowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, akaifuta yote.

"Mama!" Mabonga aliruka kutoka guniani. "Zimebaki siku mbili!"

"Nimesikia."

Akaanza upya, na safari hii hakujificha. Alimchora Okumu alivyokuwa: kwenye kigoda, karibu na mlango, uso umegeukia barabarani kumtazama anayekuja, kitambaa gotini, mkono wa kushoto umeukamata wa kulia kwenye kifundo ili utulie, na brashi katikati ya vidole. Mabonga aliinuka guniani akasogea karibu. Mchana hakula.

"Huu mkono nimeuona," alisema mwishowe.

"Wapi?"

"Lori moja Webuye. Zahanati ile ya Kitale. Kanisa fulani Bungoma, nililala kwenye veranda yake nikiutazama." Akahesabu miji kwa vidole, kisha akaacha. "Nilizurura miezi minane nikijifunza kwa Okumu."

"Hilo libaki nawe, Mabonga."

"Ndiyo, Mama."

Siku ya nne ilibaki ncha ya brashi. Benta alichovya nyekundu, ile ya mabango ya hoteli, aipake kwenye nywele za brashi ya mumewe kama inavyostahili mchoraji. Alisogeza mkono, akaurudisha. Akasogeza tena. Miaka kumi na miwili alikuwa ameitazama brashi ile kupitia upenyo wa pazia, na hata siku moja hakuwahi kuiona na rangi. Aliacha nywele zake zikiwa safi. Hakuna atakayeona, alijiambia. Saa kumi na nusu alimaliza, mgongo ukimuuma, macho yamejaa machozi na harufu ya mafuta. Alipitisha brashi hapa na pale, akaiweka chini, akaufunika ubao kwa shuka, akaenda nyumbani kulala.

Wapimaji walikutana Jumamosi asubuhi katika chumba cha chama, ambacho ni sebule ya Otiende ikiwa imeondolewa viti vya kawaida na kuwekwa vya plastiki. Waliomba kwanza. Kisha Mabonga akauegemeza ubao ukutani, chini kabisa ya bango la chama na kile cheti nambari moja kilichotiwa kioo, akaondoa shuka.

Ooko alivua kofia. Alikuwa karibu kusalimia. Otiende alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Okumu aliwatazama wote kwa lile jicho lake la kumkaribisha mteja, na kwa dakika nzima hakuna aliyekumbuka kwamba walikuja kupima kitu.

"Ni yeye," Otiende alisema. "Mama Amondi, ni yeye kabisa."

Benta alifurahi. Alikiona kibanda chake, pazia lake, makopo yake ya rangi kwenye rafu.

Ooko aliinama kuangalia viatu, maana ng'ombe wana kwato na yeye huangalia chini kwanza. Akabaki ameinama.

"Jakom," alimwita mwenyekiti wake. "Hii imesainiwa."

"Isainiwe, ni haki yake."

"Imesainiwa Okumu."

Wote waliinama. Kwenye kona ya kushoto, kwa rangi nyeupe, lilikuwapo jina, na kimkia. Benta naye alilitazama kama wao, na alishangaa kuliko wao. Hakukumbuka kuliandika. Mkono ulikuwa umemaliza kazi, ukafanya ulichozoea kufanya kazi inapokwisha, na haukumuuliza.

"Basi," Ooko alisema taratibu, "marehemu amepita."

"Marehemu ni fundi mkuu tayari," Otiende alisema. "Hawezi kupita mara mbili."

"Labda hii ni kazi yake ya zamani. Ilikuwa nyumbani, ikaletwa."

"Ubao uko na muhuri nyuma," Kageha alisema bila kuinua kichwa. "Niliupiga mimi."

Mabonga aliitwa. Alisema alimwona Mama akichora, mwanzo hadi mwisho, mara mbili. Aliulizwa kama alimwona akisaini. Alisema wakati huo alikuwa nje akiosha brashi, na akaomba msamaha kwa kuosha brashi.

Otiende alikwenda hadi kwenye bango la chama, akaweka kidole kwenye sahihi yake, akarudi kwenye ubao, akaweka kidole hapo. Alikwenda na kurudi mara tatu. Alipogeuka, uso wake ulikuwa wa karani aliyekuta risiti mbili zenye nambari moja.

"Mama Amondi, kifungu cha nane kinamfukuza chamani anayetia jina la fundi mwingine kwenye kazi yake. Hii umeiiga mpaka kimkia. Umejifunzia wapi kuandika jina la mwenzio namna hii?"

Benta alimtazama mumewe pale chini ya cheti chake. Akinyamaza, kibanda kimekwenda, na yeye ni mwongo aliyeghushi jina la marehemu. Akisema, marehemu ndiye mwongo. Wasijue, Benta. Alimkasirikia Okumu kwa kufa na kumwachia jambo hili alibebe peke yake mbele ya watu waliokalia viti vya plastiki.

"Sikuiiga," alisema. "Hata hiyo ya kwenye bango ni mimi."

"Ipi?"

"Hiyo. Na ya shule, na ya zahanati, na makanisa yote. Mkono wake uliharibika miaka kumi na miwili kabla hajafa. Nilichora mimi."

Otiende alikunja uso. "Haiwezekani. Mimi nilikuwa napita pale kila siku ya Mungu. Nilimwona Okumu na haya macho, brashi iko mkononi."

"Iangalie hiyo brashi, Mzee."

Otiende aliinama tena, mara hii kwenye mikono ambayo yeye mwenyewe aliitaka. Aliona mkono wa kushoto ulivyoukamata wa kulia. Aliona brashi.

"Haina rangi," alisema.

"Ulishawahi kuiona ikiwa na rangi?"

Mzee alibaki ameinama. Alikuwa amekunywa chai na Okumu karibu kila siku kwa miaka hiyo yote, na sasa, mtu angeweza kuona, alikuwa akivipitia vikombe kimoja kimoja. Okumu alikuwa akiomba chai nusu kikombe. Okumu alikuwa akishika kikombe kwa mikono miwili, akisema kuna baridi. Eldoret kweli kuna baridi. Hakuna aliyemshuku.

"Mungu wangu," Otiende alisema. "Na mimi nilimwambia asinywe sana pombe, ndiyo inayomtetemesha hivyo. Mtu asiyekunywa."

Ooko alirudisha kofia kichwani. "Basi cheti nambari moja kitoke ukutani," alisema. "Sheria ni sheria."

"Hakitoki," Benta alisema.

Aliufungua mkoba wake. Alikuwa amenakili maneno ya ukurasa wa mia mbili na kumi na moja kwa Kiswahili, lakini alimwomba Otiende akilete kitabu chenyewe, akamfungulia mahali penye kijikaratasi. Otiende alisoma amesimama, midomo ikicheza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupita ukurasa wa tisini na sita. Kitabu kilisema kwamba kila kilichotoka katika karakana kilitoka kwa jina la fundi mkuu, awe amekichora mwenyewe, au wasaidizi wake, au mkewe. Na kwamba leo wasomi hukaa mbele ya picha hizo wakijaribu kujua mkono huu ulikuwa wa nani, na mara nyingi hawajui.

"Yeye alikuwa fundi mkuu," Benta alisema. "Mimi nilikuwa karakana. Hakudanganya mtu. Msimwondolee kitu."

Otiende alifunga kitabu. Aliwaangalia Ooko na wengine, kisha akakinyoosha kile cheti ukutani.

"Kimebaki kitu kimoja," alisema, kwa upole ambao haukuwa kwenye barua. "Kazi ya kupimwa ni lazima iwe na jina la mwenye kuichora. Futa hilo, Mama Amondi, uandike lako."

Mabonga alileta kitambaa na mafuta ya taa, na kopo la nyeupe. Benta alipiga magoti. Alikishika kitambaa muda kidogo, akakiweka chini.

"Hili liache," alisema. "Aliyekaa hapo ni yeye."

Akajisogeza hadi kona ya kulia, akachovya brashi. Na hapo mkono ulioandika HOTELI na ZAHANATI na MUNGU NI MWEMA juu ya nusu ya mji ukasimama hewani, haujui pa kuanzia. Herufi ya kwanza ilivimba tumbo. Ya tatu iliinama. Nafasi ilimwishia kabla ya jina kwisha, ikabidi aisukumie herufi ya mwisho juu ya iliyotangulia, na rangi ikamtiririka kidogo. Alisikia aibu ikimpanda hadi masikioni. Hakuacha. Alimalizia Adoyo chini yake, nalo likatoka limepinda vilevile.

Ooko alinong'ona kwamba ng'ombe wake mwenyewe wangeandika vizuri zaidi, akakanyagwa mguu na Mabonga.

Otiende alichuchumaa taratibu, magoti yakilia, akayatazama maandishi yale mabaya kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama picha.

"Hii," alisema, "haijaigwa popote."

Kageha aliandika kwenye kumbukumbu za mkutano: Kazi imekubaliwa kwa kauli moja. Sahihi ni mbaya sana. Kisha akamsomea Benta, aseme kama kuna la kurekebisha. Benta, akiwa bado amepiga magoti kati ya majina mawili, brashi yake ikidondosha nyeupe kwenye sakafu ya mwenyekiti, alisema ni sawa, liandikwe hivyohivyo.